Takwimu ya Asilimia 58 na Swali la Kwa Nini Mke Anapigwa

Ni nadra kuhudhuria kongamano la ukatili wa kijinsia hapa nchini Tanzania bila kuisikia takwimu moja, na kwa kawaida hutajwa mapema, kabla ya chai ya saa nne. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 uliwauliza wanawake na wanaume wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kadhaa walizosomewa. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja, ilhali wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Msemaji akishazisoma namba hizo, ukumbi huguna. Kisha hufuata hitimisho linalotamkwa kana kwamba limeandikwa ndani ya jedwali lenyewe, kwamba wanawake wanaukubali ukatili kuliko wanaume, na kwamba kazi ya kwanza ya serikali na mashirika ni kubadili fikra za akina mama.

Hitimisho hilo halitokani na takwimu hiyo. Tena, tafiti zilizofanywa katika ukanda wetu wa ziwa, Mwanza upande huu na Uganda upande wa pili, zimeonesha kwamba mtazamo wa mtu kuhusu kipigo na kipigo chenyewe vinaweza kwenda kila kimoja njia yake: fikra zikabadilika na mikono isipungue, au mikono ikapungua ilhali fikra ziko palepale. Jambo hilo lina uzito kwa yeyote anayepanga bajeti ya kupambana na ukatili, na linastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko inavyowezekana katika mada ya dakika kumi na tano.

Tuanze na swali lenyewe. Sababu wanazosomewa wahojiwa ni tano, nazo zimebaki zilezile kwa miaka mingi na katika nchi nyingi: mke akitoka bila kumwambia mumewe, akiwatelekeza watoto, akibishana naye, akimnyima unyumba, na akiunguza chakula. Anayeitikia moja tu kati ya hizo huhesabiwa sawa na anayeitikia zote tano, kwa hiyo mtu anayedhani kwamba mama aliyemwacha mtoto mchanga peke yake anastahili kofi, na mtu anayedhani kwamba mume anaweza kumpiga mkewe atakapo, wote wawili wamo ndani ya asilimia 58. Katika matokeo ya Tanzania, kama ilivyo kwa majirani zetu, kuwatelekeza watoto ndiyo sababu inayokubaliwa na watu wengi zaidi, na kuunguza chakula ndiyo inayokubaliwa na wachache zaidi. Mpangilio huo unaonesha kwamba wahojiwa wanapima kosa dhidi ya adhabu. Kwao kipigo cha mke ni adhabu yenye masharti, yenye kosa linalostahili na kosa lisilostahili, na anayevuka mpaka huo hulaumiwa.

Mtunga sheria wetu alilifahamu hilo zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, na ikaongeza kwamba ni hivyo hata kama mila yoyote inasema vinginevyo. Kifungu hicho ni kifupi na kiko wazi kuliko vifungu vingi vya sheria ileile. Hata hivyo, miaka zaidi ya 30 baadaye, utafiti wa mwaka 2004-05 uliwakuta wanawake asilimia 60 na wanaume asilimia 42 wakikubali angalau sababu moja. Ule wa mwaka 2010 ukapata asilimia 54 na 38. Na huu wa 2015-16 ukarudi kwenye 58 na 40. Kwa zaidi ya muongo mmoja mstari huo ulipanda na kushuka kidogo tu, bila kwenda popote.

Kwa majirani mstari umesogea. Nchini Kenya wanawake waliokubali walishuka kutoka asilimia 53 mwaka 2008-09 hadi 42 mwaka 2014, na wanaume kutoka 44 hadi 36. Uganda ilishuka kutoka asilimia 58 ya wanawake mwaka 2011 hadi 49 mwaka 2016, na Rwanda kutoka 56 mwaka 2010 hadi 41 mwaka 2014-15. Kasi zinatofautiana, lakini kila mahali wanawake wanaokubali ni wengi kuliko wanaume. Nchini Rwanda tofauti ni kubwa kupita kiasi: mwaka 2014-15, walipokubali wanawake asilimia 41, wanaume walikuwa asilimia 18. Iwapo namba hizi zingekuwa picha halisi ya nani anapenda kipigo, ingetupasa kuamini kwamba wanaume wa Rwanda, ambao ndio wenye mkono unaopiga, wanakichukia kipigo kuliko wake zao wanaopigwa. Sioni mtu makini anayeweza kuliamini hilo.

Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba wanaume wanajua jibu linalotakiwa. Mwanaume anayeulizwa na mhoji aliyevaa kitambulisho cha ofisi ya takwimu anajua kwamba serikali imekataza, redio imekataza na kiongozi wake wa dini amekataza, na kwamba anayeulizwa ndiye anayeweza kushitakiwa. Anajibu kwa tahadhari. Mwanamke hana tahadhari hiyo ya kuchukua, kwa sababu swali halimgusi yeye kama mtuhumiwa. Nchini Rwanda, ambako viongozi wa ngazi zote hulihubiri suala hili na sheria ya ukatili wa kijinsia ipo tangu 2008, si ajabu kwamba wanaume wamejifunza jibu haraka kuliko kwingine.

Lakini maelezo hayo ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili ina uzito zaidi. Nchini Bangladesh, ambako swali hilihili hutumika, Sidney Ruth Schuler na wenzake waliwarudia wanawake wa vijijini na kuwahoji kwa kina kuhusu majibu yao. Waligundua kwamba mara nyingi mhojiwa hakuwa akisema anachokiona yeye kuwa ni haki. Alikuwa akieleza kanuni za mahali anapoishi, yaani nini kitatokea mke akifanya hivi, na jamii itamwona nani kuwa mkosaji. Mwanamke huyohuyo, akipewa nafasi ya kueleza, angeweza kusema kwamba yeye mwenyewe haoni kuwa ni sawa. Nchini Uganda, katika wilaya ya Mbarara, watafiti walifanya jaribio la aina nyingine: waliwagawa wahojiwa kwa kura, wengine wakasimuliwa habari za mke aliyekiuka matarajio ya mumewe kwa makusudi, wengine za mke aliyekiuka bila kukusudia au kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Kukubali kipigo kulipungua pale ambapo mke hakukusudia. Kama maelezo machache yanatosha kubadilisha jibu, basi swali linalosomwa bila maelezo yoyote linamwacha kila mhojiwa ajaze mwenyewe habari za huyo mke anayemfikiria, na hatujui amemfikiria mke wa namna gani.

Kuna jambo la tatu, ambalo wasomaji wengi wa takwimu hizi hulikwepa kwa sababu linavuruga mpangilio mzuri wa chanzo na matokeo. Tafiti nyingi, ukiwamo ule mkubwa wa Shirika la Afya Duniani ulioshirikisha Dar es Salaam na Mbeya, zimekuta kwamba wanawake waliowahi kupigwa na wenza wao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kukubali sababu za kupigwa. Wengi husoma uhusiano huo kutoka kushoto kwenda kulia: alikubali, kwa hiyo akapigwa. Unaweza pia kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mimi naona usomaji huo wa pili una nguvu zaidi. Mwanamke aliyepigwa na ambaye hana pa kwenda anahitaji maelezo ya yaliyompata, na maelezo yanayompa angalau nafasi ya kudhibiti kesho yake ni kwamba kuna kosa alilofanya na ambalo anaweza kuacha kulifanya. Akiamini kwamba anapigwa kwa sababu alichelewa sokoni, basi kesho atawahi. Akiamini kwamba anapigwa kwa sababu mumewe ni mtu anayepiga, hana la kufanya ila kuondoka, na kuondoka kunahitaji nauli, nyumba, na wazazi watakaompokea bila kumrudisha. Jibu la "ndiyo" la mwanamke wa namna hiyo ni alama ya kipigo kilichokwisha kutokea, na kumtuhumu kuwa ndiye anayeuendeleza ukatili ni kumpiga mara ya pili kwa kalamu.

Mafunzo ya kabla ya ndoa nayo yana mchango hapa. Kungwi anayemfunda mwali, na siku hizi mzungumzaji mwalikwa wa sherehe ya jikoni, humfundisha uvumilivu na kutunza siri ya nyumba. Ni vigumu mtu aliyetoka katika mafunzo hayo akajibu swali la mhoji kana kwamba hajawahi kuyasikia.

Nimetaja utafiti wa Shirika la Afya Duniani, na inafaa kusema jinsi ulivyofanyika, kwa kuwa wengi wanaonukuu takwimu hawajui uangalifu uliotumika kuzipata. Ripoti yake, iliyotoka mwaka 2005, ilihusisha nchi 10 na wanawake zaidi ya 24,000. Kwa Tanzania, asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza jijini Dar es Salaam, na asilimia 56 mkoani Mbeya, walikuwa wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenza. Katika kila kaya alihojiwa mwanamke mmoja tu, ili asiwepo mwingine wa kujua maswali yalihusu nini. Utafiti ulitambulishwa kama wa afya na maisha ya wanawake. Na mhoji alifundishwa kuhamia maswali ya kawaida mara mume anapoingia. Wahojiwa hawakuulizwa kama wamewahi "kunyanyaswa", kwa kuwa kila mtu ana mizani yake ya unyanyasaji. Waliulizwa kitendo kimojakimoja: amewahi kukupiga kofi, kukusukuma, kukupiga teke, kukukaba, kukutishia kwa kisu? Njia hiyo ya kuuliza vitendo ina asili yake katika kipimo kilichotungwa na mwanasosholojia Murray Straus nchini Marekani katika miaka ya 1970, na imelaumiwa kwa kuhesabu kofi bila kueleza nani anaishi kwa hofu ndani ya nyumba. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo hakuna aliyepata njia bora ya kulinganisha mahali na mahali.

Uangalifu wa namna hiyo haukuwa wa kupita kiasi, na takwimu za karibuni zinathibitisha. Mwaka 2015-16, asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili na mtu yeyote tangu walipofikisha miaka 15. Mwaka 2022 waliosema hivyo walikuwa asilimia 27. Magazeti yalifurahi, na wizara ikawa na haki ya kufurahi. Lakini hebu tulitazame swali: linahusu maisha yote ya mhojiwa tangu umri wa miaka 15. Mwanamke aliyekuwa na miaka 25 mwaka 2016 akiwa amekwisha kupigwa, mwaka 2022 ana miaka 31 na bado ni mtu aliyewahi kupigwa, yaliyotokea hayafutiki. Katika miaka sita au saba, kinachobadilika katika kundi hilo ni kwamba walio na miaka zaidi ya 42 wanatoka na wasichana wapya wanaingia, ilhali robo tatu hivi ya kundi ni walewale wa kizazi kilekile. Hata tukichukulia kwamba hakuna msichana hata mmoja kati ya walioingia aliyewahi kuguswa, ni vigumu kuona jinsi asilimia 40 inavyoweza kushuka hadi 27. Kwa hiyo sehemu ya upungufu huo lazima itokane na kusema, yaani wanawake waliosema zamani na ambao sasa hawasemi, au walioulizwa katika mazingira tofauti, au mwishoni mwa dodoso refu zaidi, au na mhoji aliyekuwa na haraka. Kenya ina swali lilelile la kujibu, kwa kuwa kipimo hikihiki kilishuka kutoka asilimia 45 mwaka 2014 hadi 34 mwaka 2022.

Sidai kwamba ukatili haujapungua. Ninachosema ni kwamba kipimo cha maisha yote hakiwezi kuonesha kupungua kwa haraka, na kinapoonesha hivyo tunapaswa kukishuku kwanza. Kipimo cha miezi 12 iliyopita ndicho kinachofaa kwa kazi hiyo, na ndicho walichokitumia watafiti wa majaribio ninayoyageukia sasa.

La kwanza ni la Kampala. Kati ya mwaka 2007 na 2012, katika tarafa za Rubaga na Makindye, mradi wa SASA! wa shirika la Raising Voices ulijaribiwa katika maeneo manane, manne yakipewa mradi na manne yakisubiri. Wanajamii wa kawaida, pamoja na askari, wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa, waliongoza mazungumzo kuhusu madaraka: nani anayo, anayatumiaje, na jirani anaweza kufanya nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba wanawake wa maeneo ya mradi walikubali kipigo kwa kiwango cha chini sana kuliko wenzao, na kwamba ukatili wa kimwili wa mwaka uliopita ulikuwa chini kwa asilimia 52. Vyote viwili vilishuka pamoja. Kasoro iliyopo ni kwamba maeneo manane ni machache mno, na kitakwimu upungufu huo wa asilimia 52 ulibaki na mashaka makubwa kuuzunguka, jambo ambalo vipeperushi vya wafadhili hulisahau. Jambo jingine lililopimwa Kampala, na ambalo halijanukuliwa inavyostahili, ni namna majirani walivyoitikia: mwanamke aliyepigwa katika eneo la mradi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata watu wa kumsaidia ipasavyo.

La pili ni la Mwanza, na kwangu ndilo lenye mafunzo mengi zaidi kwa Tanzania. Mradi wa MAISHA, ulioendeshwa na watafiti wa Mwanza pamoja na wa London, uliwachukua wanawake 1,049 kutoka vikundi 66 vya mikopo midogo, na nusu ya vikundi vikapewa vipindi 10 vya mafunzo shirikishi kuhusu jinsia, uhusiano na ukatili. Baada ya zaidi ya miaka miwili, waliosema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza katika mwaka uliopita walikuwa asilimia 23 kwa waliopata mafunzo na 27 kwa wasiopata. Si tofauti kubwa kwa macho, lakini baada ya kuzingatia hali zao za awali ilikuwa tofauti ya kweli. Fikra nazo zilibadilika. Baadaye watafiti walewale wakayapeleka mafunzo yaleyale kwa vikundi vipya vya wanawake wa mtaani ambavyo havikuwa vya mikopo. Huko fikra zilibadilika kwa kishindo: waliopata mafunzo walikuwa na uwezekano mdogo sana wa kukubali kipigo, wa kuona kwamba ukatili ni siri ya wanandoa, au wa kuamini kwamba mke avumilie ili kulinda familia. Ukatili wa kimwili na wa kingono haukupungua.

Hapo mnyororo wote wa hoja za kongamanoni unakatika. Wanawake walifundishwa, wakaelewa, wakakataa kipigo mioyoni mwao na mbele ya mhoji, na wakaendelea kupigwa kwa kiwango kilekile. Kwa nini wale wa mikopo walipata nafuu na hawa hawakupata, watafiti wametoa maelezo kadhaa, na la msingi kwangu ni kwamba kundi la kwanza lilikuwa na fedha kidogo, mazoea ya kukutana, na watu wanaofahamiana kwa muda mrefu. Lakini tusifanye haraka kuhitimisha kwamba fedha ndiyo dawa. Lori Heise na Andreas Kotsadam, waliochambua tafiti 66 za nchi 44 mwaka 2015, waliona kwamba mke kufanya kazi ya kipato huenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya kupigwa mahali ambapo wanawake wachache wanafanya kazi. Waliona pia kwamba haki ya mwanamke kumiliki ardhi na mali, na kiwango ambacho jamii nzima inahalalisha kipigo na mamlaka ya mume, vinaeleza tofauti kati ya nchi na nchi kuliko utajiri wa taifa.

Msomaji makini atasema kwamba nimejipinga, kwani Heise na Kotsadam wanasema mitazamo ina nguvu. Inayo, ila ni ya jamii nzima ikijumlishwa, na hiyo haifanyi kazi sawa na fikra za mwanamke mmoja aliyeketi mbele ya mhoji. Mume anayenyanyua mkono hasukumwi na fikra za mkewe. Anajua, au anadhani anajua, baba mkwe atasema nini, jirani wa ukuta wa pili atafanya nini, na mjumbe wa shina akiitwa atakuja au atajifanya amelala. Watafiti wa Mbarara waliligusa hili pia: waliwauliza watu wanaona nini wao wenyewe na wanadhani wenzao wanaona nini, wakakuta kwamba watu wengi hawakuunga mkono kipigo, lakini walidhani kimakosa kwamba wenzao wengi wanakiunga mkono. Kijiji kizima kinaweza kuwa na watu wasiopenda kipigo, kila mmoja akinyamaza kwa kudhani yuko peke yake.

Na hapo ndipo jaribio la tatu linapoingia. Donald Green, Anna Wilke na Jasper Cooper walizungusha filamu fupi katika vijiji 112 vya Uganda, zikatazamwa na watu zaidi ya 10,000. Katika vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, filamu hizo zilionesha ukatili dhidi ya mke na umuhimu wa wanaoufahamu kusema mapema kabla haujaleta madhara makubwa. Miezi kadhaa baadaye wahoji walipita. Mitazamo ya kuhalalisha kipigo haikuwa imesogea. Utayari wa kutoa taarifa kwa viongozi ulikuwa umepanda sana, hasa kwa wanawake, na waliosema wamefanyiwa ukatili walikuwa wamepungua. Ni matokeo ya Mwanza ya pili yakiwa yamegeuzwa juu chini. Hofu kubwa ya wanawake, kwa mujibu wa watafiti, ilikuwa kuonekana wambeya, na filamu ziliwaonesha mwanamke anayesema bila kuaibishwa.

Sisi Waswahili tunayo methali inayosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na wengi huitumia kwa mume na mke vilevile. Ni busara nzuri kwa ugomvi wa maneno. Ikitumika kwa mtu anayekabwa koo, inakuwa ruhusa kwa anayekaba, na matokeo ya Uganda yanaonesha kwamba ruhusa hiyo inaweza kuondolewa bila kusubiri kwanza mioyo ya watu wote ibadilike.

Kwa mpangaji wa sera maana yake ni ya vitendo. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22 uliweka lengo la kupunguza ukatili kwa nusu, na katika kazi za mashirika mengi chini yake sehemu kubwa ya nguvu ilikwenda kwenye uelimishaji, yaani mabango, fulana, semina, siku 16 za uanaharakati. Kipimo cha mafanikio kikawa idadi ya waliofikiwa na kubadilika kwa majibu yao kabla na baada ya semina. Majaribio ya Mwanza yanatuambia kwamba majibu ya baada ya semina yanaweza kubadilika bila mwanamke yeyote kupata nafuu usiku huo. Fedha hiyohiyo, au sehemu yake, ingeweza kwenda mahali ambapo taarifa ya mwanamke inaishia, kwa sababu hakuna faida ya kumhimiza mtu aseme kisha akakuta hakuna wa kumsikiliza.

Na anaposema, humwambia nani? Tafiti zetu zinaonesha kwamba wanaotafuta msaada huenda kwanza kwa ndugu zao wa damu na wakwe, na polisi wako nyuma sana. Dawati la Jinsia na Watoto, lililoanza mwaka 2008 na kusambaa katika vituo vingi, ni hatua ya kweli, lakini linawahudumia wale waliokwisha kuvuka vizuizi vyote vya nyumbani, wakapata nauli, wakasimama kaunta na kuomba fomu ya PF3. Shangazi na mama mkwe ndio dawati la kwanza. Sijaona mafunzo mengi yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakwe, ingawa ndio wanaoamua kama mke atarudishwa usiku uleule au atalala kwao hadi mume aitwe na kuhojiwa.

Wanaoandaa utafiti ujao nao wana la kufanya, na si la gharama kubwa. Maswali matano ya sababu za kipigo yabaki, kwa kuwa mfululizo wa miaka una thamani, lakini yafuatwe na maswali mawili matatu ya aina nyingine: unadhani watu wangapi kati ya kumi hapa mtaani wanaona ni sawa mume kumpiga mkewe, mara ya mwisho uliposikia mwanamke akipigwa jirani, kuna mtu aliyekwenda, na wewe ukienda, nani atakusema vibaya. Wanaume waulizwe kwa namna isiyowafanya washitakiwa. Na matokeo ya ukatili yachapishwe kwanza kwa kipimo cha miezi 12, kile cha maisha yote kikifuata baadaye katika jedwali lake, pamoja na maelezo ya nani alikuwepo wakati wa mahojiano na dodoso lilichukua saa ngapi kabla ya kufika sehemu hiyo.